UZI: Kwanini kwenye hadithi fupi uhusiano unavunjika na sisi wasomaji hatuoni ukivunjika?

#1 Kalamu Kavu
Wakuu habari zenu, niende moja kwa moja.

Nina hadithi naiandika mwaka wa pili huu. Ndugu wawili, tumbo moja, wamelala kitanda kimoja mpaka mkubwa alipoenda sekondari, alafu ukubwani wanagombana kwa shamba la mama na hawasemeshani tena. Kurasa nane tu. Ile sehemu ya ugomvi nimeiandika mara kumi na moja. Nimeweka matusi nimetoa, nimeweka mashahidi, nimemleta mpaka mjumbe wa nyumba kumi, wapi. Kila nikisoma naona watu wawili wanapiga kelele, udugu unaokufa siuoni. Juzi kwa hasira nikafuta sehemu yote nikaacha nafasi tupu kati ya kabla na baada. Nikampa mke wangu asome, akakaa kimya weee alafu akasema hii sasa inauma.

Nikarudi kwenye hadithi ninazozipenda nikakuta nyingi zinafanya hivohivo. Alice Munro, yule mama wa Kanada aliyepata Nobel 2013, ana hadithi ya mzee anayempeleka mkewe kwenye nyumba ya kutunza wazee maana kumbukumbu zimeanza kumtoka. Utaratibu wa pale siku 30 za mwanzo hakuna kumtembelea mgonjwa. Mzee anarudi siku zikiisha, maua mkononi, anakuta mkewe anamkaribisha kwa adabu kama anavyokaribishwa mtu yeyote aliyepita kusalimia, na pale kwenye meza ya karata ana mwanaume mwingine anamhangaikia. Ndoa ya miaka na miaka imegeuka na sisi hatukuwepo, tulikuwa nje tunasubiri na mzee.

Dai langu: mwandishi hodari wa hadithi fupi anatuonyesha kabla na baada, katikati anatunyima kwa makusudi. Mnakubali au nadanganywa na mke wangu?

#2 mtoto wa Tanga
Najisogeza siti ya mbele. Mke haongopi mkuu.

#3 Mwalimu wa Zamu
Salamu kutoka Kakamega. Kalamu Kavu umeleta mada nzuri ila mimi nakupinga. Unaliita pengo, mi naliita macho. Swali la kwanza kwa hadithi yoyote ya watu wawili ni tumekaa ndani ya kichwa cha nani. Chukua "Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho kwenye Damu Nyeusi. Dadi muuza samaki, amemuoa Kidawa kwa masharti aliyoyakubali mwenyewe, sasa wasiwasi unamla kwamba mke anatoka nje. Wasiwasi unampanda mpaka anaenda kuchungulia dirishani usiku na kuanguka. Hapo hakuna kilichorukwa, tumekaa naye kwenye huo wivu dakika kwa dakika. Uhusiano unabadilika mbele yetu, na bado hatujui upande wa Kidawa, kwa sababu macho tuliyopewa ni ya Dadi na Dadi ni mgonjwa wa shaka. Wanafunzi wangu kila mwaka wanagawanyika darasani, nusu wanamshtaki Kidawa. Mimi huwauliza, nani amekuambia? Wanafungua kitabu kutafuta ushahidi na wanapata mawazo ya Dadi matupu.

#4 chimbo la vitabu
Mwalimu samahani, hiyo haiko Damu Nyeusi. Iko kwenye Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, ya 2016, wahariri Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Damu Nyeusi ni ya Ken Walibora na Said A. Mohamed.

#5 Mwalimu wa Zamu
Kweli kabisa, nimechanganya kabati. Asante.

#6 BintShangani
Mie naona nyote mnaangalia mbali. Angalieni wanavoitana.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakumtaja babu kwa jina hata siku moja. Alikuwa "mwenyewe". Mwenyewe keshakuja? Mpelekeeni mwenyewe maji. Sisi wajukuu wengine tulikuwa hatujui jina la babu mpaka tunaanza chuo. Babu akaenda Pemba kwa biashara akarudi na habari ya kuwa kaoa. Bibi hakulia wala hakurusha sufuria. Siku ya pili asubuhi tuko barazani tunakunywa chai akasema, kamwambieni Suleiman chai tayari. Mama yangu alikuwa anamimina, mkono ukasimama hewani.

Ningekuwa mwandishi ningeandika hilo tu. Sina haja ya kuonyesha wakigombana na sina haja ya pengo, jina limefanya kazi yote. Tena kwetu liko kinyume, ukidhani kumwita mtu jina lake ndio kumkaribia. Hapana, kwa bibi ilikuwa kumtoa ndani kumweka njiani.

#7 mtoto wa Tanga
Mkono ukasimama hewani. Dada hiyo tayari ni hadithi, usituambie "ningekuwa mwandishi".

#8 dereva wa usiku
Nipo Toronto naendesha malori usiku, hadithi nasikiliza kwa masikio njiani kwahiyo mtanisamehe nikikosea vitu vidogo. Kuna moja ya Jhumpa Lahiri, wazazi wake Wahindi, yeye kakulia Marekani, ipo kwenye kile kitabu kilichompa Pulitzer mwaka 2000. Wakuu ni hadithi ya MGAO WA UMEME. Mke na mume wako Boston, wanapata taarifa kwamba umeme utakatwa kwa muda wa saa moja kila siku kwa siku tano kuanzia saa mbili usiku sababu mafundi wanatengeneza laini. Hawa wawili mtoto wao alizaliwa mfu miezi kadhaa nyuma na tangu hapo kila mtu anaishi pembe yake ya nyumba. Basi gizani na mishumaa wanaanza kuambiana kila mmoja kitu ambacho hajawahi kumwambia mwenzie. Usiku wa kwanza vitu vidogo. Wa pili, wa tatu. Wewe msomaji unajua kabisa wanarudiana. Siku ya tano inakuja taarifa kwamba laini imetengenezwa mapema, umeme haukatwi. Mke anasubiri wamalize kula, anazima mshumaa, anawasha taa, anamwambia nimepata nyumba ya kupanga, nahama.

Niliegesha lori pembeni. Sio utani.

Kumbe zile siri zote za gizani kwa mume zilikuwa ngazi ya kurudi na kwa mke zilikuwa ngazi ya kuondokea. Kalamu Kavu hapa pengo lako liko wapi? Usiku zote tano tupo mezani.

#9 Kalamu Kavu
Dereva nakushukuru, lakini umejijibu. Mke alitafuta nyumba lini? Alienda kuiona lini, alisaini lini? Hatukuonyeshwa. Tulikuwa tunaangalia mishumaa wakati yeye mchana anazunguka kutafuta nyumba. Pengo lipo, limefichwa mchana.

#10 Mwalimu wa Zamu
Au limefichwa kwa sababu tuko kwa kichwa cha mume, naye alikuwa hajui! Mnaona? Macho.

#11 dereva wa usiku
Mwalimu umenifunga. Ila nina la kuongeza, mwisho kabisa na mume naye anatoa siri yake, kwamba mke alidhani hakuna aliyemuona mtoto, kumbe yeye alifika hospitali akambeba na anajua alikuwa wa kiume. Mke alikuwa hataki kujua. Hapo ukiniuliza nani kaumiza nani nashindwa.

#12 Sauti ya Kati
Mi napita tu. Mgao wa saa moja na taarifa juu wanapewa kabisa. Kwetu kipindi kile ungeandikia hadithi ya mume na mke mngepata kitabu cha kurasa mia sita.

#13 mtoto wa Tanga
Mkuu na mngezaa mapacha. Turudi kwenye mada.

#14 Nahau
Naomba niingize kitu ambacho waandishi wetu tunakalia bila kukitumia: viambishi vya wakati. Wanaoandika kwa Kiingereza hawana kitu kama HU- yetu. Angalia:

Jioni humwekea maji ya kuoga, humsubiri mlangoni, hula pamoja.

Nani humwekea? Kitenzi chenyewe hakisemi. HU- haichukui kiambishi cha nafsi, mtu ameyeyuka ndani ya mazoea ya nyumba, yaani mapenzi yamekuwa desturi kiasi kwamba mtendaji hahitaji kutajwa. Sasa aya inayofuata mwandishi anaandika:

Alimwekea maji.

Basi. Ile A- imerudi, mtu ametokeza, na -LI- inasema ilikuwa mara moja na imepita. Msomaji anasikia kitu kimekatika ndani ya nyumba kabla hajajua ni nini. Alafu weka -KA- za kufuatana, akaja akakaa akala akalala, hapo kila mtu anafanya lake kwa zamu na hawakutani kwenye sentensi moja. Nawaambia unaweza kuvunja ndoa kwa viambishi vitupu.

#15 BintShangani
Hii nimeipenda mno.

#16 Sauti ya Kati
Sisi wa bara tunasema anamwekeaga. Hapo mtendaji yupo na mapenzi yapo.

#17 Nahau
Mkuu -GA haina shida kwenye mdomo wa mhusika, muache aongee kwao. Tena inaweza kukusaidia, mhusika wa Mwanza akiacha kusema "ananipigiaga" akaanza "alikuwa ananipigia" ni kifo kilekile.

#18 Mwalimu wa Zamu
Nahau nakubali kwa sehemu. Tatizo hadithi nyingi zinasimuliwa wakati uliopita, hapo HU- haikai vizuri, utalazimika kwenda "alikuwa akimwekea", na mtendaji anarudi. Kwahiyo mbinu yako inafanya kazi kwa hadithi inayosimuliwa kwa wakati uliopo. Wachache huandika hivyo.

#19 Nahau
Ndio nasema tunaikalia.

#20 chimbo la vitabu
Kuna anayepingana na Kalamu Kavu tangu 1894: Kate Chopin wa Marekani. Mama mgonjwa wa moyo anaambiwa mumewe kafa ajali ya treni. Analia, anapanda chumbani kwake, anakaa kwenye kiti mbele ya dirisha, na humo kwenye kiti anagundua yuko huru na anaanza kufurahi. Ndoa nzima inageuka ndani ya muda wa saa moja, chumba kimoja, tunamuangalia pumzi kwa pumzi. Kisha mume anafungua mlango mzima wa afya, hakuwepo hata karibu na hiyo ajali, na mama anaanguka anakufa. Kurasa mbili tatu. Hakuna kilichorukwa.

Na Chekhov? Mwanamke mwenye mbwa mdogo, 1899. Bwana wa Moscow mwenye mke na watoto anakutana na mwanamke, wanapendana kimchezo, anarudi kwake akidhani mwezi mmoja utatosha kusahau. Hasahau. Usiku mmoja anatoka klabu na mwenzie aliyekuwa anacheza naye karata, inamtoka, anasema ungejua mwanamke gani nilikutana naye! Mwenzie anapanda gari lake la farasi, anageuka, anamwambia ulisema kweli, yule samaki alikuwa ananuka kidogo. Hapo ndipo jamaa anachanganyikiwa. Sentensi ya samaki inamuonyesha kwamba maisha yake yote yaliyobaki ni ya kula na karata, na kwamba kile alichokiita mchezo ndicho kilikuwa kweli. Kwahiyo mimi nasema: mwandishi anatafuta sentensi ya mtu baki. Mtu asiyehusika anasema neno la kipuuzi na uhusiano unageuka.

#21 mtoto wa Tanga
Walikutana wapi? Moscow hapohapo?

#22 chimbo la vitabu
Yalta, pwani ya Bahari Nyeusi, mapumzikoni. Na bado kuna tikiti maji. Mara ya kwanza wamelala pamoja mwanamke anajilaumu, mwanaume anajikatia tikiti anakula taratibu, nusu saa nzima kimya. Ukifika mwisho umemuona huyohuyo anamkumbatia mwanamke akijiangalia kwenye kioo mvi zimeanza, ndio unalikumbuka lile tikiti.

#23 BintShangani
Nusu saa anakula tikiti mwenzie analia. Huyo angekuwa kwetu angekula na maganda.

#24 Mkaa Barazani
Vijana mnawataja Warusi na Wamarekani, sawa, wana haki yao. Ila hilo pengo la mleta mada sisi tumelelewa nalo. Paukwa! Pakawa! Hadithi inaenda, inafika mahali, bibi anasema "siku nenda, siku rudi", na mtoto aliyekuwa anabebwa ameshakuwa wa kuoa, mke mwenza ameshakuwa adui. Hakuna mtoto aliyewahi kuuliza hapo katikati ilikuwaje. Maneno manne yanabeba miaka kumi. Tofauti ni kwamba bibi alisema wazi naruka, mwandishi wa leo anaacha nafasi tupu kwenye karatasi anyamaze.

Na kuna sababu nyingine ya kawaida kabisa ambayo hamuitaji: nafasi. Mimi nimeandikia magazeti enzi za safu za hadithi, unaambiwa maneno elfu moja, yakizidi mhariri anakata, na akikata anakata katikati kwa sababu mwanzo na mwisho anauogopa. Mara nyingi hadithi ilirudi nzuri kuliko nilivoipeleka. Kwahiyo huenda mnalolisifia kuwa ufundi lilianza kuwa mkasi.

#25 Kalamu Kavu
Mzee wangu shikamoo. Hili la mkasi linanisumbua maana na mimi nilifuta kwa hasira, sikufuta kwa ufundi.

#26 Mkaa Barazani
Marahaba. Hasira nayo ni mhariri.

#27 Mwalimu wa Zamu
Mzee shikamoo. Hapo kwa "siku nenda siku rudi" naongeza: wakati mwingine pengo hujazwa na mdomo wa mwingine. "Tulipokutana Tena", iko kwenye Tumbo Lisiloshiba, kitabu kilekile nilichokosea jina, Sebu na Bogoa walikuwa marafiki utotoni, Bogoa akapotea bila kwaheri. Miaka mingi Sebu amebaki na kinyongo cha rafiki aliyemtupa. Wanakutana ukubwani, Bogoa anaanza kumsimulia jinsi alivyoishi kwa Bi. Sinai aliyepewa amlee, kazi, mateso. Ni mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita, ndio, nafundisha hivyo kwa sababu mtihani unataka jina hilo. Lakini ninachokiona mimi kikibadilika ni Sebu anayesikiliza. Yaliyopita hayabadiliki, kinyongo ndicho hakina pa kukaa.

#28 Mgeni wa Muscat
Assalaam alaykum. Sio mwandishi, nafanya kazi huku Muscat mwaka wa sita. Nimesoma uzi wote kwa simu jikoni. Mama yangu kasahau sana siku hizi, ile hadithi ya siku 30 imenigusa nimetoka nje kidogo.

Nilivyoondoka mama alikuwa ananitumia sauti ndefu, dakika tano sita, kuku wanasikika, watu wanapita anawaitikia katikati. Zikawa za dakika mbili. Zikawa "sawa mwanangu". Sasa mdogo wangu ndio anashika simu anamwambia sema, mama anasema hujambo, kama anavosema kwa mtu wa benki. Sikuweza kusema siku gani ilibadilika. Ninazo sauti zote. Siku moja nilizisikiliza tangu ya kwanza nikitafuta siku yenyewe, sikuipata. Kwahiyo kaka Kalamu Kavu mi naona huyo mwandishi hafichi. Hata ukikaa katikati hukuoni kunavyogeuka.

#29 dereva wa usiku
Wa alaykum salaam dada. Pole sana na Mungu ampe mama afya.

#30 BintShangani
Dada wa Muscat pole. Umenibadilisha mawazo yangu kidogo kuhusu jina. Labda bibi alianza kabla ya asubuhi ile na sisi hatukusikia.

#31 Nahau
Hujambo badala ya mwanangu. Pole dada yangu.

#32 Mwalimu wa Zamu
Kalamu Kavu tuwekee basi hiyo hadithi yako, tumeongea hewani kutwa.

#33 Kalamu Kavu
Dada wa Muscat, nimesoma ulichoandika mara tatu, asante. Dai langu nilivyoliweka siwezi kulitetea tena kama lilivyokuwa.

Haya, naweka kidogo. Kabla:

*Mama akipakua, ukoko ni wa kaka. Kaka huukwangua wote, huula nusu, nusu huuficha kiganjani hadi tukalale. Gizani huusikia mkono wake unanitafuta mdomo.*

Nafasi tupu. Alafu baada, ni siku ya arobaini ya mama, nyumba ya kaka:

*Wote walikula kwenye sinia, mkekani. Mimi shemeji aliniletea sahani ya maua, ile ya kabatini, na kijiko. Kaka alisema, mpe na maji ya chupa. Nikajua sina kaka tena.*

#34 Nahau
Umetumia HU- kabla hata sijaandika! Ila "huusikia" hapo ni "mimi" aliyepotea, nzuri mno. Usiguse.

#35 chimbo la vitabu
Futa sentensi ya mwisho. Sahani na kijiko vimeshasema. Na maji ya chupa ndio yale ya samaki anayenuka.

#36 Mkaa Barazani
Msifute haraka. Kwetu mdogo akitoka mjini akaletewa sahani ya kabatini ni heshima, kakua. Bila ile sentensi nusu ya wasomaji watasema kaka kamuenzi.

#37 chimbo la vitabu
Waache waseme mzee. Huenda kweli kaka kamuenzi na anayesimulia ndio Dadi.

#38 Mwalimu wa Zamu
Ndiyo hiyo! Macho!

#39 mtoto wa Tanga
Mi bado nataka ugomvi wa shamba. Nimesubiri tangu siti ya mbele, mjumbe wa nyumba kumi kaenda wapi?

#40 BintShangani
Mie nina swali moja. Shughuli imeisha, wageni wametoka, vyombo viko uani. Ile sahani ya maua nani kaiosha?

#41 Kalamu Kavu
Sijaandika hapo.

#42 BintShangani
Maana kama shemeji kaichukua kairudisha kabatini mbele yake, ni kitu kimoja. Kama mdogo mtu kaingia jikoni akaiosha mwenyewe na hakuna aliyemzuia, ni kingine.

#43 Kalamu Kavu
Kaka yupo pale uani. Alikuwa anakwangua sufuria. Ngoja nitarudi.